Tiketi za vivutio katika safari ya jijini: tovuti rasmi, wakala, kadi ya jiji au dirishani?

Zamani msafiri aliyefika katika jiji geni aliweza kuamka kwa wakati wake, kutembea hadi mlangoni pa kasri au makumbusho na kulipa kiingilio dirishani. Utaratibu huo haujafa, lakini katika vivutio vinavyopendwa zaidi hauaminiki tena. Makumbusho ya Louvre mjini Paris yamejiwekea kikomo cha wageni 30,000 kwa siku. Akropoli ya Athens, tangu Septemba 2023, haipokei zaidi ya wageni 20,000 kwa siku, na kila mmoja wao hupangiwa saa ya kuingia. Katika ukumbi wa Milan wenye mchoro wa Karamu ya Mwisho wa Leonardo da Vinci, kila kikundi huruhusiwa kukaa dakika 15 tu. Mahali pa namna hiyo kinachoadimika ni nafasi ndani ya saa fulani, na suala la bei hufuata baadaye. Kwa hiyo ulinganisho huu unaanza na kivutio chenyewe kabla ya kumfikia muuzaji, kwa sababu njia ya kununua inayomfaa mgeni wa Louvre inaweza kuwa upotevu mtupu wa fedha katika makumbusho madogo yaliyo mitaa mitatu tu kutoka hapo.

Kwanza, kivutio ni cha aina gani?

Vivutio naviweka katika mafungu matatu, na fungu la kwanza ni la vile ambavyo havina dirisha la tiketi kabisa, au vinalo kwa jina tu. Nyumba ya Anne Frank mjini Amsterdam huuza tiketi mtandaoni pekee, na kila Jumanne hufungua mauzo ya ziara zitakazofanyika wiki sita baadaye. Anayekumbuka jambo hilo akiwa tayari amefika Amsterdam amechelewa kwa mwezi mzima na zaidi. Makumbusho ya Van Gogh katika jiji hilohilo nayo huuza mtandaoni tu, kwa saa maalumu ya kuanzia. Ndivyo ilivyo kwa kanisa la Sagrada Família mjini Barcelona. Makumbusho ya Ghibli, yaliyo Mitaka pembezoni mwa Tokyo, hufungua mauzo ya mwezi unaofuata kila tarehe 10, saa nne asubuhi kwa saa za Japani, na mlangoni hapauzwi kitu. Kasri la kale la wafalme mjini Beijing, lile linaloitwa Mji Uliokatazwa, hupokea maombi siku saba kabla, na kila tiketi hufungwa kwenye jina na namba ya pasipoti ya mgeni. Ratiba hizi ndizo zinazopaswa kuongoza tarehe za safari. Ni kosa kubwa kukata tiketi ya ndege na kulipia hoteli kwanza, kisha ndipo uulize kama kile kivutio kilichokusafirisha kina nafasi.

Fungu la pili ni la vivutio vyenye dirisha linalofanya kazi, lakini mtu hulipia dirisha hilo kwa muda wake. Mnara wa Eiffel ni mfano mzuri. Tiketi za lifti za kupanda hadi kileleni huisha mapema mtandaoni wakati wa msimu wa watalii, ilhali pale chini tiketi zinaendelea kuuzwa kwa wanaokubali kupanga foleni. Tena kuna mlango wa ngazi, zenye vidato 674 hadi ghorofa ya pili, ambako foleni kwa kawaida huwa fupi kwa sababu iliyo wazi. Mwenye miguu mizima na mwenye mtoto wa kubeba hawawezi kupewa ushauri mmoja hapa, hata kama wanaukusudia mnara uleule na siku ileile.

Fungu la tatu ni la vivutio vya bure na vile visivyojaa. Makumbusho ya taifa ya Uingereza, kama vile British Museum na National Gallery, hayatozi kiingilio kwa mikusanyo yake ya kudumu, na tangu Desemba 2001 utaratibu huo umekuwa wa nchi nzima. Kanisa kuu la Notre-Dame mjini Paris, lililofunguliwa upya Desemba 2024 baada ya moto wa mwaka 2019, linaingiwa bila malipo. Nafasi inayowekwa mtandaoni ni ya bure pia, na asiyeiweka anaweza kusubiri katika foleni ya kawaida. Mtu anayekuuzia kiingilio cha ndani ya kanisa hilo anakuuzia hewa. Huenda anauza maelezo ya mwongoza watalii, jambo ambalo ni halali, lakini basi na aliseme kwa jina lake.

Kabla ya kufungua ukurasa wowote wa mauzo, andika majina ya mahali unapotaka kwenda na uweke kila jina katika fungu lake. Kazi hiyo haizidi nusu saa, na baada yake utagundua kwamba ni viwili au vitatu tu, kati ya vivutio kumi, vinavyohitaji mbio na wasiwasi.

Tovuti rasmi na wakala

Tovuti rasmi ni ya kivutio chenyewe au ya taasisi inayokisimamia. Wakala ni mtu wa kati, na watu wa kati hawalingani. Yupo aliyepewa mgao wa tiketi kwa makubaliano na kivutio. Yupo anayepokea fedha zako kwanza kisha akaenda kukununulia. Na yupo mlanguzi aliyezinyakua tiketi mara zilipofunguliwa ili aziuze kwa bei ya juu. Kwa macho ya mnunuzi wote watatu wanafanana, kwa kuwa kurasa zao zina picha zilezile na kitufe kilekile cha kulipia. Ukitafuta jina la kivutio mtandaoni, matokeo ya juu kabisa mara nyingi ni matangazo ya kulipiwa, na wenye kulipia matangazo hayo ni mawakala. Tovuti yenyewe ya makumbusho hukaa chini yao kwa unyenyekevu, na ni rahisi kuipita.

Ulanguzi huu si hofu ya kubuni. Aprili 2025 mamlaka ya kulinda ushindani nchini Italia ilitoza faini za jumla ya takriban yuro milioni 20 kwa mwendeshaji wa zamani wa mauzo ya tiketi za Colosseum, uwanja wa kale wa michezo mjini Roma, pamoja na kampuni kadhaa za utalii. Kiini cha shauri hilo kilikuwa tiketi za bei ya kawaida kutoweka mtandaoni, baadhi yake zikinunuliwa kwa programu za kompyuta zinazojiendesha zenyewe, hata wageni wakalazimika kununua vifurushi vyenye huduma za ziada ambazo hawakuzihitaji. Yaani mgeni aliyetaka kiingilio tu aliuziwa kiingilio, mwongoza watalii na usafiri wa kumchukua katika gunia moja.

Njia mojawapo ambayo vivutio vimeitumia kupambana na walanguzi ni kuandika jina la mgeni kwenye tiketi. Colosseum ilianza utaratibu huo Oktoba 2023. Ngome ya Alhambra mjini Granada, Hispania, nayo huhitaji jina na kitambulisho, na hukagua pia saa ya kuingia katika Makasri ya Nasri, ambayo haisogezwi mbele wala nyuma. Hapa ndipo ninapopata kipimo rahisi cha kumpima wakala. Kama kivutio hudai jina na pasipoti, lakini wakala hakuulizi hata kimoja wakati wa kulipa, basi bado hana tiketi yako mkononi. Ama atakuandikia baadaye kukuomba taarifa hizo, ama atakuambia nafasi imekosekana, na fedha zako zitakuwa zimekaa kwake wiki tatu.

Pamoja na hayo, wakala si adui. Kuna jambo moja ambalo kwalo wakala humshinda mwenye kivutio, nalo ni ruhusa ya kughairi. Tiketi nyingi za tovuti rasmi hazirudishwi wala hazibadilishwi tarehe. Wanunuzi wengine hudhani kwamba sheria ya Umoja wa Ulaya inayompa mteja wa mtandaoni siku 14 za kughairi itawaokoa, lakini maagizo ya mwaka 2011 kuhusu haki za walaji yanaacha nje huduma za burudani zilizopangiwa tarehe au kipindi maalumu, na tiketi ya makumbusho yenye tarehe inaangukia hapohapo. Mawakala wengi wakubwa, kinyume chake, hukubali kurudisha fedha iwapo umeghairi hadi saa 24 kabla ya ziara. Kwa msafiri ambaye bado anasubiri viza, au anayesafiri na mzee ambaye afya yake haitabiriki, nyongeza anayotozwa na wakala ni kama bima. Kuilipa si ujinga, ilimradi masharti ya kughairi yamesomwa kwenye tiketi husika. Maneno mazuri ya ukurasa wa mbele hayatoshi.

Tofauti nyingine haionekani hadi siku yenyewe. Tiketi ya tovuti rasmi kwa kawaida ni msimbo wa QR unaoufungua kwenye simu mlangoni. Tiketi ya wakala wakati mwingine ni vocha tu, yaani ahadi ya tiketi: unatakiwa kufika kwenye kituo cha kukutania, labda mbele ya duka lililo mtaa wa nyuma, umtafute mtu mwenye bendera au mwavuli wa rangi fulani, naye akukabidhi tiketi halisi. Mtu huyo akichelewa dakika 20, zamu yako ya kuingia haimsubiri. Kwa hiyo soma kama kinachouzwa ni tiketi au vocha, na kama ni vocha, inabadilishwa wapi na saa ngapi.

Uamuzi wangu ni huu: kwa vivutio vya fungu la kwanza anza daima na tovuti rasmi, na uifikie kupitia ukurasa wa ofisi ya utalii ya jiji hilo au kwa kuandika anwani mwenyewe, si kwa kubonyeza tangazo. Wakala awe wa pili, katika hali tatu: tovuti rasmi inapoikataa kadi yako ya benki baada ya majaribio, tiketi zinapokuwa zimeisha lakini wakala anathibitisha saa kamili ya kuingia, au unapoihitaji kweli ile ruhusa ya kughairi. Nje ya hapo unalipia zaidi kwa kitu kilekile.

Maneno «ruka foleni»

Hakuna maneno yanayouza tiketi kama haya, na hakuna yanayoeleweka vibaya zaidi. Kwenye kivutio kikubwa kuna foleni ya kununua tiketi, foleni ya ukaguzi wa usalama na, palipo na mnara, foleni ya lifti. Tiketi yoyote iliyonunuliwa mapema mtandaoni, hata ile ya bei ya chini kabisa, inakuondoa kwenye foleni ya kwanza. Foleni ya ukaguzi ni ya wote, na mara chache sana mtu anaweza kununua njia ya kuikwepa. Niliwahi kulipa nyongeza nzuri kwa tiketi yenye maneno hayo, kisha nikasimama dakika 50 juani nyuma ya watu wenye tiketi za kawaida, sote tukisubiri kupitisha mikoba yetu kwenye mashine moja. Mlinzi aliitazama karatasi yangu, akatabasamu, akanionyesha mwisho wa mstari. Tangu siku hiyo huuliza swali moja kabla ya kulipa: je, tiketi hii ina mlango wake? Mlango wa vikundi, au mlango wa wenye zamu, ni jambo linaloweza kuonyeshwa kwenye ramani ya kivutio. Usipouona hapo, maneno hayo yanamaanisha tu kwamba umeshalipa.

Kadi ya jiji na tiketi moja moja

Kadi ya jiji huahidi milango mingi kwa malipo ya mara moja, na pengine usafiri wa umma juu yake. Inavutia kwa sababu inaondoa hesabu, na hapo ndipo ilipo hatari yake, kwa kuwa haifai kununuliwa bila hesabu.

Tukiite kiingilio cha wastani kipimo kimoja, na kadi ya saa 48 iuzwe kwa vipimo vinne, basi mwenye kutembelea vivutio viwili kwa siku atakuwa amerudisha fedha zake kamili bila faida yoyote. Faida inaanzia kwenye kivutio cha tano. Makumbusho makubwa huchukua saa mbili hadi tatu, ukaguzi mlangoni nusu saa, na kutoka sehemu moja hadi nyingine nusu saa nyingine. Vivutio vitatu kwa siku vinawezekana, lakini kufikia kile cha tatu macho yanatazama na akili haisomi. Anayependa kukaa muda mrefu mbele ya mchoro mmoja asinunue kadi. Anayependa kuchungulia kila mahali kwa dakika 40 atafaidika nayo.

Kisha angalia jinsi muda wake unavyohesabiwa. Kadi ya makumbusho ya Paris, Paris Museum Pass, huuzwa kwa saa 48, 96 au 144 mfululizo, hivyo ukiianza kuitumia Jumatatu saa nane mchana bado una asubuhi ya Jumatano. Kadi inayohesabu siku za kalenda, kwa upande mwingine, ikianzishwa mchana imekwishapoteza nusu siku. Siku za kufungwa nazo zina uzito wake: Louvre hufungwa Jumanne na Musée d'Orsay hufungwa Jumatatu, kwa hiyo kadi fupi inayoangukia siku hizo mbili inakufungia mlango mmoja mkubwa kila siku.

Jambo la tatu ndilo linalowakwaza wengi. Vivutio vyenye msongamano mkubwa mara nyingi havimo kwenye kadi, na sababu si ngumu kuiona: kivutio kinachouza nafasi zake zote chenyewe hakina haja ya kugawana mapato na mtu. Kadi ya Paris haikupandishi Mnara wa Eiffel. Kadi ya I amsterdam haikuingizi Nyumba ya Anne Frank wala Makumbusho ya Van Gogh. Roma Pass haihusu Makumbusho ya Vatikani, ambayo yamo katika dola nyingine kabisa ingawa unafika huko kwa miguu. Hata pale kivutio kilipomo, kadi inaweza kulipa kiingilio bila kukupa zamu. Louvre huwataka wenye kadi ya makumbusho waweke saa ya kuingia mtandaoni kama watu wengine wote, na zamu zikiisha, kadi iliyolipiwa haifungui mlango. Kwa hiyo mpangilio sahihi ni kuthibitisha kwanza kwamba zamu zipo kwa tarehe zako, ndipo ununue kadi.

Familia zina hesabu yao. Makumbusho mengi hayawatozi watoto. Louvre, kwa mfano, haiwatozi walio chini ya miaka 18 wa taifa lolote. Kumnunulia kijana wa miaka 15 kadi kamili mahali ambapo milango mingi ingemfungukia bure ni kulipia hewa kwa mara ya pili. Watoto wahesabiwe tofauti na wazazi, jina kwa jina, mlango kwa mlango.

Kadi humfaa kweli mtu aliye jijini kwa siku nne au zaidi, anayetumia mabasi na treni za chini ya ardhi kila siku, na ambaye orodha yake imejaa makumbusho ya kati yasiyodai zamu. Mgeni wa wikiendi mwenye vivutio vitatu vikubwa kichwani anunue tiketi tatu.

Na mwongoza watalii?

Hili ni suala la kivutio kuliko la bei. Mahali palipobaki magofu, kama Jukwaa la Kirumi, kitovu cha Roma ya kale, mgeni asiye na maelezo huona mawe, na mwenye mwongozaji mzuri huuona mji. Kwenye mnara wa kutazamia mandhari, mwongozaji hana mengi ya kuongeza. Ziara za vikundi zina faida moja ya kiutendaji: baadhi ya vivutio huwatengea waongozaji wenye leseni mgao wao, kwa hiyo nafasi hupatikana huko hata tiketi za kawaida zinapokwisha. Uliza ukubwa wa kikundi kabla ya kulipa. Kikundi cha watu 40 wanaosikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni si ziara ile unayoiona kwenye picha ya tangazo.

Dirishani, na siku za bure

Dirisha linashinda njia nyingine zote katika fungu la tatu, na pia kwa msafiri ambaye ratiba yake inategemea hali ya hewa. Tiketi ya kupanda ghorofa refu iliyonunuliwa mwezi mmoja kabla ni kamari juu ya mawingu. Kwenye majengo ya namna hiyo hata saa ina bei yake: Burj Khalifa ya Dubai hutoza zaidi kwa zamu za machweo kuliko za asubuhi, na wengi hulipa nyongeza hiyo kisha jua likazama nyuma ya vumbi.

Siku za bure zinahitaji kutazamwa kwa jicho kali. Makumbusho ya serikali nchini Italia hayatozi kiingilio Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, na Makumbusho ya Vatikani hufungua bure Jumapili ya mwisho ya mwezi kwa saa za asubuhi. Anayekwenda siku hizo huokoa kiingilio na kulipa kwa miguu yake, maana jiji zima limesikia habari hiyo. Makumbusho ya Prado mjini Madrid yana utaratibu ninaoupenda zaidi: saa mbili za mwisho za kila siku ni za bure. Saa mbili hazitoshi kuyamaliza, lakini zinatosha kwa michoro ya Velázquez na Goya, na ukiridhika unaweza kurudi kesho yake jioni. Kwa makumbusho yenye saa za bure kila siku, ushauri wangu ni kuzitumia. Kwa yale yenye siku moja ya bure kwa mwezi, lipa kiingilio na uende siku nyingine.

Mambo madogo yanayoharibu ununuzi mzuri

Benki nyingi huthibitisha malipo ya mtandaoni kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Msafiri aliyebadilisha laini ugenini haipati namba hiyo, na malipo yanakwama huku zamu zikiisha mbele ya macho yake. Kwa sababu hiyo peke yake tiketi muhimu zinunuliwe kabla ya kuondoka, laini ya nyumbani ikiwa hewani. Ukurasa ukikuuliza kama unataka kulipa kwa sarafu ya nchi yako au ya kivutio, chagua ya kivutio, kwa kuwa kiwango cha kubadilishia anachokupa muuzaji mara nyingi ni kibaya kuliko cha benki yako.

Tarehe nazo husomwa kwa uangalifu. 04/05 ni tarehe 4 Mei kwenye tovuti za Ulaya na tarehe 5 Aprili kwenye tovuti za Marekani. Sisi tunaohesabu saa kuanzia mapambazuko tuna mtego wetu wa ziada: tiketi iliyoandikwa 09:00 ni ya saa tatu asubuhi, na ukimwambia mwenzako kwa haraka kwamba ni «ya tisa» atafika mchana akakuta zamu imepita kwa saa sita. Hifadhi pia picha ya tiketi kwenye simu, kwa sababu intaneti ya mlangoni hugawanywa na mamia ya watu wanaofungua barua pepe zao kwa wakati mmoja.

Mfano: siku tatu mjini Roma

Chukua msafiri anayetaka Colosseum, Makumbusho ya Vatikani, Jumba la Borghese lenye makumbusho ya sanaa, na hekalu la kale la Pantheon, kuanzia Ijumaa hadi Jumapili. Borghese huingiza watu kwa zamu za saa mbili na huhitaji nafasi iliyowekwa mapema, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kununuliwa. Colosseum hufungua mauzo siku 30 kabla, kwa jina, nayo ni ya pili. Tiketi yake inajumuisha Jukwaa la Kirumi na kilima cha Palatino, hivyo asiuziwe maeneo hayo peke yake. Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi, basi yawekwe Ijumaa au Jumamosi, kupitia tovuti ya makumbusho yenyewe. Kanisa la Mtakatifu Petro halitozi kiingilio. Subira inayohitajika ni ya ukaguzi tu, na mapema asubuhi foleni ni fupi. Pantheon imetoza kiingilio tangu Julai 2023 na inaweza kuachwa hadi siku yenyewe.

Je, Roma Pass ya saa 72 ingemfaa? Inalipia milango miwili ya kwanza, kisha hutoa punguzo kwa inayofuata, na inabeba usafiri wa umma. Borghese na Colosseum zingechukua nafasi hizo mbili, lakini zote mbili bado zingedai aweke zamu, na Vatikani ingebaki nje. Kama hoteli yake iko mbali na atapanda basi na treni mara nne kwa siku, kadi inamlipa. Kama analala katikati ya mji wa kale na kutembea kwa miguu, tiketi moja moja ni nafuu zaidi na hazimkimbizi.

Tiketi zikiisha

Usimkimbilie mlanguzi siku hiyohiyo. Rudi kwenye tovuti rasmi usiku na alfajiri kwa siku kadhaa, kwa kuwa nafasi za mikokoteni ya manunuzi iliyoachwa bila kulipiwa, na mgao uliorudishwa na mawakala, hurejea sokoni kimyakimya. Badilisha idadi pia: mifumo mingi haionyeshi nafasi kwa watu wanne ilhali ina mbili saa nne na mbili saa nne na nusu. Tazama kama kuna mlango mwingine wa kitu kilekile, kama zile ngazi za Eiffel.

Kuna vivutio ambavyo vinaonekana vizuri bila kuingia. Mjini New York, wauzaji wa barabarani karibu na bustani ya Battery huuza safari za majini kama tiketi za Sanamu ya Uhuru, ilhali baadhi ya boti zao hazitui kisiwani kabisa. Ni kampuni moja tu yenye mkataba wa hifadhi za taifa inayowashusha watu hapo, na anayetaka kupanda hadi kwenye taji anapaswa kununua miezi kadhaa kabla. Aliyekosa zote anaweza kupanda kivuko cha Staten Island, ambacho hakijatoza nauli kwa abiria wa miguu tangu 1997. Kinapita mbele ya sanamu kwenda na kurudi, na wakati wa kwenda akae upande wa kulia.